Shajara ya mradi: waranti ya 2016

Jumapili, 2 Februari 2025

Naanza kuandika manake nikiliacha hili jambo kichwani litafanya ile kazi yake ya miaka yote, kulala. Mi nina waranti ya kukamatwa. Sio ya wizi wala ya damu, ni ya trafiki, lakini waranti ni waranti, na sasa ina miaka minane na miezi mitano.

Kisa chenyewe ni hivi. Machi 2016 nilikuwa naendesha kenta ya nyanya, natoa Taveta napeleka soko la Kongowea, Mombasa, usiku kucha sijalala, alfajiri nafika mji mmoja kwenye barabara kuu ya Nairobi (siutaji, wa huko watajua) nikasinzia. Sekunde mbili tu. Kufumbua macho nishapanda kibanda cha mama mmoja wa viazi karai. Mwenyewe alikuwa hajafika, alhamdulillahi, angekuwa ashawasha jiko leo ningekuwa naandika mengine kabisa. Mbao, karai, ndoo, gunia mbili za viazi, zote chini ya tairi, na nyanya za tajiri zimetapakaa barabarani watoto wa shule wanaokota. Nikapelekwa stesheni, kesho yake kortini, shtaka kuendesha gari bila uangalifu. Nikakana! Sijui hata kwa nini nilikana, wale niliolala nao seli waliniambia usikubali kitu bas na mimi nikakana. Hakimu akatoa bondi ya elfu hamsini na mdhamini mmoja. Mdhamini akawa Mjomba, kaka yake mama, akaweka logibuku (kadi ya umiliki) ya gari lake, Probox.

Nilihudhuria mara mbili, kesi inatajwa tu narudi. Ikapangwa kusikizwa Septemba. Agosti viza ya Doha ikatoka, kazi ya udereva, watu walikuwa wanachukuliwa kwa wingi kipindi kile sababu ya maandalizi ya Kombe la Dunia la 2022. Ejenti akasema tiketi ni Jumanne, ukikosa inaenda kwa mwingine. Nikaenda. Nilijiambia nikifika nitapiga simu nieleze. Sikupiga.

Nimerudi 2023, na tangu hapo naishi kama panya wa darini. Gari siendeshi nje ya Mombasa. Nairobi nikienda napanda treni, na watu wanadhani mi napenda treni.

Leo sasa. Mjomba kapata mteja wa ile Probox. Mteja kaja mpaka nyumbani, kaizunguka, kaipiga mateke matairi, kaipenda, akauliza logibuku iko wapi. Mjomba akasema iko kortini. Hakuniangalia, aliinamia kikombe chake cha kahawa. Nafikiri angeniangalia ingekuwa nafuu.

Jumanne, 4 Februari

Utafiti wa barazani. Nimeuliza kijanja kana kwamba ni ya rafiki yangu (hakuna aliyeamini) na nimepata majibu matatu. Mmoja asema waranti ikipita miaka saba inakufa yenyewe. Wa pili asema ngoja msamaha wa rais. Wa tatu asema tafuta askari wa kule umpe kitu.

Usiku nikaingia kwenye tovuti ya Kenya Law, sheria zote ziko pale bure, nikasoma ile ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura 75. Kifungu cha 102 hakina kona kona: waranti inabaki na nguvu mpaka itekelezwe, au ifutwe na korti iliyoitoa. Hakuna miaka saba, hakuna hata ishirini. Na inaweza kutekelezwa popote ndani ya Kenya, kwa hivyo ile akili yangu ya kukaa mbali na mji ule ilikuwa ya kujifariji tu. Msamaha wa rais nao ni wa watu waliokwisha hukumiwa, mi sijahukumiwa, mi ni mtoro. Hili neno sijawahi kujiita mpaka leo.

Kitu kingine nimekitoa kwenye Katiba kifungu cha 49, ukikamatwa lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, sawa, lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa unangojea siku ya korti inayofuata. Yaani ukidakwa Ijumaa jioni unalala ndani hadi Jumatatu na hakuna aliyevunja sheria. Ijumaa zote za huu mradi nitashinda ndani ya nyumba.

Alhamisi, 6 Februari

Kwa wakili. Ofisi ghorofa ya tatu mjini, lifti imekufa. Mama wa makamo, hana maneno mengi, alinisikiliza hadi mwisho halafu akauliza swali moja, namba ya kesi ni ngapi. Sina. Karatasi ya bondi? Sina, niliiacha kwenye begi ambalo sijui liliishia wapi. Akavua miwani.

Akanieleza kitu ambacho kimenikaa. Mi nilidhani hii ni kazi ya kuzungumza na hakimu, kumbe kazi yote ni faili. Hakimu aliyeketi pale sasa sio yule wa 2016, hanijui, hana kinyongo na mimi, lakini pia hawezi kufuta kitu ambacho hakioni. Kesi mpya siku hizi ziko kwenye mtandao, mfumo wa kufungua kesi kwa kompyuta umesambazwa korti zote tangu Machi 2024, lakini yangu ni ya karatasi, na karatasi ya 2016 inaweza kuwa popote. Kwanza faili, akasema, mengine baadaye.

Nikamwambia nataka niende kwa yule mama wa viazi nimalize deni lake, manake hasara ilikuwa elfu tisa na nilimpa elfu nne tu. Akakataa palepale. Huyo ni shahidi wa upande wa mashtaka, ukienda kwake na pesa kabla ya kesi kuisha mtu anaweza kusema unanunua shahidi. Kaa mbali naye. Sikuwa nimefikiria hivyo kabisa, nilikuwa najiona mtu mwema.

Ada tumekubaliana elfu ishirini na tano, nimetoa kumi na tano. Karani wake elfu moja kila safari, nauli ndani yake.

Jumatatu, 10 Februari

Safari ya kwanza. Wakili alisema niache karani aende peke yake, nikashindwa, nikapanda naye basi. Tulipopunguza mwendo kwenye kizuizi cha polisi askari akaingia, akatazama tazama watu, akashuka. Shati limeloa mgongo mzima. Karani, kijana mdogo tu wa miaka 24 hivi, akaniambia kaka tulia, huyu anatafuta magunia ya makaa sio wewe.

Mi nikakaa nje chini ya mwarobaini, yeye akaingia masjala. Haikupita nusu saa akaja jamaa mmoja amevaa tai, anaketi bila kualikwa. Kesi? Nikasema nangojea mtu. Akasema bro mi najua sura za watu wa waranti. Elfu kumi na tano, faili inapotea, hutaiona tena wala wao hawataiona, unaenda zako. Sio mfanyakazi wa korti, ni hawa wa kuzungukazunguka tu, au ndivyo nilivyoambiwa.

Sitadanganya, nilipiga hesabu. Elfu kumi na tano ni chini ya ada ya wakili. Halafu kile kifungu cha 102 kikanirudia. Waranti inafutwa na korti. Korti inafuta kwenye faili. Faili likishapotea nani atafuta nini? Ile karatasi iliyopelekwa stesheni ya polisi ingebaki pale hai milele, na mimi nimelipa elfu kumi na tano kuuchoma mlango wa kutokea. Na logibuku ya Mjomba imo kwenye mlolongo uleule. Nikamwambia jamaa asante, akaondoka bila kinyongo, akaenda kuketi na mwingine.

Karani akatoka saa sita. Jina langu halimo kwenye rejista ya trafiki ya 2016. Kapitia mwezi mzima wa tatu mara mbili.

Jumatatu, 17 Februari

Limo. Wiki nzima nimewaza pengine sikushtakiwa kweli, pengine nimejitesa miaka minane kwa hewa, ndoto nzuri sana hizo, kumbe aliyeandika rejista alianza na jina la babu, akalikosea herufi mbili, akamaliza na langu kama ndio ukoo. Karani aliligundua kwa shtaka na tarehe, sio kwa jina. Alinionyesha picha aliyoruhusiwa kupiga. Mstari wangu, na kwenye safu ya mwisho ambapo wengine wameandikiwa faini, faini, faini, wangu una herufi mbili kwa wino mwekundu, zile wanazofupishia waranti.

Kwa hivyo namba tunayo. Kwenye rafu faili haipo. Mzee wa masjala (mtu mzuri, amebakisha mwaka mmoja astaafu) akasema zile za waranti ambazo mtu haonekani huwa zinaondolewa kwenye rafu manake zinajaza nafasi, zinafungwa kwa kamba ya katani zinawekwa kontena la nyuma. Kontena lenyewe tulionyeshwa kwa nje. Limechomwa na jua, na ndani hakuna taa. Nipeni wiki, akasema.

Nikauliza kama haitapatikana je. Karani akasema wakili anaweza kuomba faili iundwe upya kwa nakala zozote zilizobaki, za polisi, za mdhamini, zetu. Zetu ni sifuri.

Jumanne, 25 Februari

Faili imepatikana. Imeliwa na mchwa pembe ya chini, lakini maandishi yako. Tukalipia nakala, mia sita, nikazisoma kwenye basi la kurudi.

Hapa nitaandika polepole.

Kurasa za mwanzo nazijua, ni mimi, nimekana, bondi, nimehudhuria, nimehudhuria. Septemba 2016, mshtakiwa hayupo, waranti itolewe, mdhamini aitwe. Mimi hapo nilikuwa Doha wiki ya nne, nafundishwa njia za mji. Nikafungua ukurasa unaofuata nikidhani ndio mwisho, sio mwisho. Oktoba 2016, mdhamini yuko kortini, mshtakiwa hayupo. Mdhamini anasema apewe muda amtafute mpwa wake. Novemba, mdhamini yuko. Anasema amesikia mpwa yuko nje ya nchi, anaomba muda tena. Februari 2017, mdhamini yuko. Hakimu anasema muda umetosha, mdhamini aeleze kwa nini asilipe ile elfu hamsini aliyoahidi. Mdhamini anasema hana la kueleza. Anaomba alipe kidogo kidogo.

Halafu risiti, zimepigwa pini. Machi 2017 elfu kumi. Mei elfu kumi. Agosti elfu kumi. Baada ya hapo hakuna kitu, faili ikalala, elfu ishirini zikabaki na logibuku ikabaki nazo.

Agosti 2017 mimi nilimtumia Mjomba picha niko Corniche ya Doha, miwani ya jua, nimeegemea gari la tajiri. Naikumbuka manake alijibu kwa sauti, aliniambia umependeza mwanangu, Mungu akuzidishie.

Mzee mstaafu wa bandari. Kutoka Mombasa kwenda mji ule na kurudi, mara sita nahesabu mimi, kusimama mbele ya hakimu na kuambiwa kama mtoto, na hakuna siku hata moja aliyolitaja. Wala kwa mama. Nimemuuliza mama leo, hajui kitu.

Matumizi mpaka leo: wakili 15,000, karani 3,000, nauli zangu 3,000, nakala 600. Jumla 21,600. Ya Mjomba sijaiweka hapo, sijui niiweke mstari gani.

Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda kwake baada ya isha. Nikamwekea zile nakala mezani. Akavaa miwani akazitazama, akasema karatasi hizi zimekaa vizuri sana, nilidhani mchwa wamezimaliza. Mjomba mbona hukuniambia? Akasema nikuambie ili iweje, urudi? Na tiketi ulipe na nini, na ile kazi nani angekurudishia. Halafu akauliza kama nimekula.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia. Wakili amepeleka barua ya kuomba faili iwekwe mbele ya hakimu, pamoja na hati yangu ya kiapo na nakala za pasipoti zenye mihuri ya kutoka na kuingia. Amesema tusiandike uongo hata mmoja, tusiseme ugonjwa wala msiba, mahakimu wamesikia misiba yote. Andika ulipata kazi ukaogopa. Tarehe tumepewa Jumatano ya tarehe 12, na nimefurahi sio Ijumaa.

Tumekaa tukaamua lile kubwa. Njia ni tatu. Ya kwanza kesi isikizwe upya, mashahidi watafutwe, itachukua mwaka. Ya pili upande wa mashtaka uiondoe kesi kwa kifungu cha 87(a) cha ile Sura 75, na kwa vile askari aliyepima ajali alishahamishwa kitambo wakili aona wanaweza kukubali. Nilitaka kuruka kwa furaha. Akaninyooshea kidole, sikiliza vizuri. Kesi ikiondolewa kwa kifungu hicho kabla hujajitetea unaachiliwa, lakini sio kwamba umeshinda, wakitaka wanaweza kukushtaki tena kwa jambo lilelile. Mara nyingi hawarudi. Mara nyingi.

Njia ya tatu ni kubadilisha jibu, kukiri, kupigwa faini, kuisha. Hasara yake ni kwamba unabaki na rekodi ya kupatikana na hatia.

Nimechukua ya tatu. Sio ushujaa. Mi sasa niko na duka la spea, siombi kazi ya mtu, cheti cha tabia njema sikihitaji wiki ijayo, ningekuwa na miaka 25 natafuta viza pengine ningechukua ya pili na nisingemlaumu anayeichukua. Lakini kuning'inia nimechoka. Na ukweli nilisinzia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka daku nimekunywa maji kama ngamia. Wakili alishaniambia nivae viatu visivyo na kamba na nisibebe vitu, manake nikishajitokeza waranti imetekelezwa, mimi ni mshikwa.

Kesi iliitwa saa nne na nusu. Karani wa korti akalisoma jina, lile lililopinduliwa, nikasimama. Hakimu ni mwanamke, kijana kunishinda nafikiri. Akafungua faili akakaa kimya muda mrefu anasoma, nikajua anasoma ile sehemu ya Mjomba. Wakili akaeleza. Kiongozi wa mashtaka akasema hapingi waranti kuondolewa ila mshtakiwa alikimbia dhamana na korti ilione hilo.

Hakimu akaniuliza kwa Kiswahili. Ulikwenda wapi? Qatar Mheshimiwa. Miaka mingapi? Saba. Qatar hakuna simu?

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi sana, yote yakaruka. Nikasema ziko Mheshimiwa.

Akasema huyu aliyekudhamini ni nani wako. Mjomba wangu. Yu hai? Nikaonyesha, alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia mkononi. Nilimkataza asije, na mfungo huu na safari hii, akaja na basi la alfajiri kabla yangu. Hakimu akamtazama akaandika kitu.

Waranti ikafutwa. Shtaka nikasomewa upya, nikakiri, kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo, kibanda, karai, gunia mbili, nikasema ni kweli. Faini elfu ishirini au miezi miwili. Leseni hakuigusa. Kuhusu mdhamini akasema amekwisha kulipa elfu thelathini kwa kosa lisilo lake na mshtakiwa amejileta mwenyewe, salio la elfu ishirini limesamehewa, logibuku irudishwe kwa mwenyewe. Wakili baadaye akanionyesha, kifungu cha 131 kinampa hakimu nafasi ya kusamehe sehemu ya ile pesa.

Dakika kumi na mbili. Nimetazama saa. Miaka minane, dakika kumi na mbili.

Halafu seli, manake mpaka faini iingie wewe bado ni wao. Pesa iko kwenye simu, sistimu iko chini. Karani anajaribu, imekataa, anajaribu, imekataa. Mle ndani tulikuwa sita, kijana wa bangi, mzee wa chang'aa ambaye alilala tu, wengine sikuwauliza. Yule kijana aliniuliza kesi yako ya lini nikamwambia 2016, akacheka mpaka akakohoa, akasema mi wakati huo nilikuwa darasa la nne. Sistimu ikarudi saa tisa kasoro. Nikatoka, Mjomba kakaa chini ya mwarobaini uleule, na pembeni yake, wallahi, yule jamaa wa tai, wanapiga soga.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya kufagia. Tumekwenda na Probox, Mjomba ameniachia usukani, sikuvuka Mariakani nikiendesha tangu 2016. Kwenye kizuizi nikasimamishwa. Leseni. Nikatoa. Endelea. Mjomba akasema punguza jasho unalowesha kiti.

Kutoa logibuku kulihitaji mdhamini mwenyewe, kitambulisho chake, nakala ya agizo la korti yenye muhuri, na risiti ya kupokelewa dhamana ya 2016. Hiyo ya mwisho mi nilishakata tamaa nayo. Mjomba akatoa kopo la Kimbo kwenye mfuko wa plastiki, ndani yake risiti za maji, za stima, za hospitali ya shangazi, zimefungwa raba kwa mwaka, na ya 2016 ipo. Logibuku ikatoka kwenye sefu ndani ya bahasha ya kaki, nzima kabisa, hata haikukunjika.

Watu wengi nasikia wanaishia hapo na wanakosea. Waranti ina nakala iliyopelekwa stesheni, na stesheni hawasomi mawazo ya korti. Nikaenda na agizo langu lenye muhuri. Afande wa dawati akashusha faili nene ya waranti, akapekua sana, akaitoa yangu, imegeuka rangi ya chai. Akaniangalia akaiangalia. Hapa wameandika mwembamba, akasema. Akaipiga mstari, akaandika kwenye OB (kitabu cha matukio cha stesheni), akanipa namba ya OB nimeihifadhi pamoja na agizo, na nakala moja nimeiweka kwenye gari daima, hata kama gari sio langu.

Mwisho yule mama. Sasa kesi imeisha kwa hivyo ruhusa ipo. Kibanda hakipo, kuna hoteli ya mabati, meza nne, ina jina, ina televisheni. Hakunikumbuka. Nikasema mimi ni yule wa kenta ya nyanya. Akaita watu wa jikoni waje wanione! Nikampa elfu tano, akahesabu, akasema na riba? Nikaanza kutafuta mfukoni akanipiga kibao cha bega, akasema ile hela yako ya kwanza ndiyo nilinunulia mabati ya kwanza, kile kibanda kilikuwa kinavuja hata hivyo. Sijui kama ni kweli au alitaka niende salama. Akatufungia viazi karai na ukwaju kwenye gazeti vya kufuturia, gari zima likanuka viazi mpaka Mombasa na saa zilikuwa zimekataa kwenda.

Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idi. Hesabu ya mwisho: zile 21,600, wakili salio 10,000, faini 20,000, nauli ya tarehe 12 elfu moja, petroli 4,000, mama 5,000. Inakuja 61,600.

Mteja wa Probox hayupo tena, alishanunua nyingine Februari ileile. Mjomba hata hakusikitika, naona alikuwa haitaki kuiuza.

Leo nimekwenda na elfu thelathini ndani ya bahasha, nimeiweka chini ya sahani ya mahamri ili asiikatae mbele ya watu. Akaiona. Alingoja wageni watoke, akaifungua, akalamba kidole akahesabu zote, noti moja moja, mi niko kimya. Akachomoa elfu mbili akanisukumia.

"Ya petroli," akasema. "Jumamosi unanipeleka Malindi."

Nikamwambia nina kazi dukani Jumamosi. Akasema saa kumi na mbili asubuhi, na usichelewe.

Mradi umefungwa. Matairi ya mbele ya Probox yameisha, hiyo nitafungulia shajara nyingine.